Stendi Nzito na Mkanda Mwembamba

Walisema kuna msichana aliyekuwa akipanda kilimani, kule kwenye tangi la maji, kuchora picha, na siku moja hakushuka. Niliyasikia kwa jirani yangu, yule tunayemwita Mama Redio kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea. Alisimama mlangoni pa chumba changu cha kushonea, mkono kiunoni, akanimwagia yote bila kuvuta pumzi: kulikuwa na mwanamume mwenye mbwa, alijifanya mnunuzi wa picha, na kilichookotwa ni kiatu kimoja tu.

"Cha kushoto," akasema, kana kwamba hapo ndipo penye ushahidi.

Nikaulizia kwingine. Muuza vocha akasema hakukuwa na mbwa, kulikuwa na baiskeli. Mama wa buchani akasema walikuwa wanaume wawili. Mtu mwenye akili zake angeona hapo hapo kwamba maneno yanayogeuka kila mdomo hayana miguu. Mimi nikayaamini yote matatu. Nikaona mbwa, nikaona baiskeli, nikaona wanaume wawili, na katikati yao nikamwona binti yangu.

Binti yangu ni kitinda mimba. Kaka yake ana mji wake mbali, baba yao alishatangulia, kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili, mimi na cherehani yangu, yeye na rangi zake. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini. Asubuhi alifanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, mchana alichora. Mwaka ule alipata fomu ya chuo cha sanaa. Walitaka picha nane zilizochorwa nje, mchoraji akiwa amesimama mbele ya kitu chenyewe. Za kunakili kutoka kwenye simu hawakutaka hata kuziona. Yeye akachagua kilima, maana ukiwa pale mji wote uko chini yako kama nguo iliyotandikwa mezani: mapaa ya mabati, reli, soko, na mto unaokatiza.

Alianza kwa kuweka kanvasi magotini. Alirudi na rangi mapajani na shingo imekakamaa.

"Mama, nahitaji stendi."

"Stendi gani tena?"

"Ya kuchorea. Ya miguu mitatu, inakunjwa. Inashika kanvasi isitikisike, ukimaliza unaikunja unatembea nayo."

"Nitakutafutia mimi," nikasema upesi. Akanikumbatia hivyo hivyo na mikono yake ya rangi, akacheka kwa kunichafua. Mimi moyoni nilikuwa na mbwa na baiskeli.

Nilikwenda kwa seremala, Fundi Rula, tuliyempa jina hilo kwa sababu ya rula isiyotoka sikioni. Alikuwa na stendi mbili zilizokamilika. Akatoa nje ubao, akauegemeza kwenye tofali uwe na mteremko, akasimamisha juu yake ile nyepesi ikiwa na kanvasi tupu.

"Watu wanakosea jambo moja, mama," akasema. "Wanadhani stendi imara ni stendi nzito. Hebu tazama."

Kila mguu wa stendi ile ulirefuka peke yake, ukakazwa kwa nati ya masikio, ile unayoizungusha kwa vidole bila spana. Kwenye mteremko akafupisha miguu miwili na kurefusha mmoja, stendi ikasimama wima kama mtu aliyeitwa jina. Chini ya kila mguu kulikuwa na ncha ya chuma ya kuchoma ardhi. Na katikati ya stendi, chini ya sehemu inayoshika kanvasi, kulikuwa na ndoano. Akatundika tofali jingine kwenye ndoano ile, akachukua kipande cha plaiwudi na kuanza kupepea kama anayewasha jiko. Kanvasi ikatetemeka, stendi haikusogea. Akaondoa tofali, akapepea tena. Safari hii stendi ikatembea hatua mbili na kulala chali.

"Umeona? Uzito unautundika ukishafika. Jiwe liko huko huko linakusubiri, wala halidai nauli."

"Na ile?" Nikamwonyesha ya pili.

"Ile ilikuwa oda ya mwandika mabango, akahama bila kuichukua. Mti mgumu mtupu. Yeye alikuwa na pikapu. Ile ni ya kupakia, mama, si ya kubeba."

Nikaijaribu. Niliinyanyua na mgongo ukanijibu. Ndipo wazo likanijia, taratibu, likiwa limevaa nguo za busara: na huu mzigo hafiki mbali. Akifika kwenye kona ya mashine ya kusaga atakuwa hoi, atarudi achore uani kwangu, kuku na ndoo na kamba ya nguo, nami nikiwa naye machoni.

"Nachukua hii."

Fundi akaitoa rula sikioni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya bila kupima kitu.

"Ataibeba nani?"

"Binti yangu."

"Mpaka wapi?"

"Atachorea uani," nikasema. Ule ulikuwa uongo wa kwanza.

"Kama ni uani, sawa. Ila akianza kutembea nayo, itie mikanda miwili, mipana, kama ya begi la shule." Kisha akajicheka. "Namfundisha nani mimi? Fundi wa mabegi si ndiye wewe!"

Tukacheka wote. Nakumbuka vizuri kwamba na mimi nilicheka.

Nyumbani nikaongeza uongo wa pili. Binti yangu aliizunguka ile stendi, akaigonga kwa kidole, akaniuliza kama hazikuwepo nyepesi. Nikamwambia, "Fundi amesema zile nyepesi zinapinduka na upepo. Hii ndiyo imara." Nilimtia fundi wa watu maneno mdomoni, tena kinyume kabisa cha aliyoyasema. Binti akaamini. Kwa nini asiamini? Ni mama yake aliyesema.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka mikono hunisimama juu ya cherehani. Mimi nimeshona mabegi ya shule miaka ishirini na miwili. Mkanda wa begi najua unavyotakiwa uwe: upana wa vidole vinne, sponji ndani, na iwe miwili ili mabega yagawane mzigo. Hata begi la mtoto wa darasa la kwanza, mwenye daftari mbili na kifutio, nalishona hivyo. Siku ile nilifungua sanduku la mikanda, nikaipita mipana, nikachukua ule mwembamba ninaoutumia kutundikia chupa za maji. Mmoja tu. Sikutia sponji. Nikaushona kwenye stendi, mara tatu kila ncha, usije ukakatika.

Nilijiambia hivi: ukimuuma kidogo, ataacha mwenyewe, na hakuna atakayesema mama yake alimkataza.

Hakuacha. Nilisahau amezaliwa na nani.

Siku ya kwanza aliondoka na stendi begani kulia, sanduku la rangi mkono wa kushoto, akiyumba kama mtu aliyebeba mlango. Nilisimama getini nikihesabu atarudi baada ya dakika ngapi. Alirudi jioni, jasho limemkauka usoni, macho yanang'aa.

"Mama, Mjomba anatulia! Upepo umevuma mpaka kofia imeondoka, Mjomba hata kope hakupepesa."

"Mjomba ndiye nani?"

"Hii stendi. Mzito, hasemi, na lazima umheshimu."

Basi ikawa hivyo kila siku. "Mama, naenda kilimani na Mjomba, saa kumi na moja nipo." Na saa kumi na moja yupo. Sijawahi kumsubiri robo saa. Nikimwona anaingia getini moyo wangu ulishuka mahali pake, kisha nikaona ule mstari mwekundu begani na moyo ukapanda tena. Nilimpaka mafuta. Ndiyo, nilimpaka mafuta kwa mkono ule ule ulioshona mkanda, nikamwambia kwa sauti ya huruma, "Mwanangu, si ungechorea tu hapa uani?"

"Uani kuna nini, mama? Kuku nimeshawachora mpaka wananipa mkao."

Nilicheka. Ningeweza kukaa nusu saa nikaufumua ule mkanda na kuweka miwili mipana. Sponji ilikuwa pale, kitambaa kilikuwa pale. Kila siku nilisema kesho atachoka. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, picha zikawa tano ukutani, zimepangwa zikauke. Nzuri, jamani. Kwenye ya nne nilikiona chumba changu cha kushonea, paa lake la bati lenye kiraka, dogo kama ukucha. Kumbe hata akiwa kule juu alikuwa ananitazama.

Mwezi wa pili alidondosha kikombe cha chai. Tukasema ajali. Siku ya pili akadondosha kingine. Kisha akashindwa kutundika nguo kambani, mkono ukafika usawa wa kifua na kugoma.

"Vidole vina ganzi," akasema.

"Umelalia mkono," nikamwambia. Wiki nzima nilisema amelalia mkono. Mpaka siku brashi ilipomtoka vidoleni katikati ya picha ya sita ikachora mstari mweusi toka mbinguni mpaka mtoni, ndipo tukaenda hospitali.

Alitupokea mtaalamu wa viungo, mwanamke wa makamo mwenye mikono baridi na maneno machache. Akamwambia binti anyanyue mkono. Haukupanda. Akamgusa kwa pamba huku na huku, akimuuliza wapi anasikia na wapi hasikii. Kisha akauliza, "Unabeba nini?"

Stendi ilikuwa pale pale, imeegemezwa ukutani. Mwanangu alitaka tukitoka hospitali apitilize kilimani. Yule mtaalamu akaiinua, akaguna, akairudisha chini. Akaushika mkanda kwa vidole viwili, akaulaza begani kwa binti yangu. Ukakaa juu ya ule mstari kama kifuniko kwenye sufuria yake.

"Hapa unapita mshipa wa fahamu," akasema. "Ndio unaopeleka amri kwenye mkono. Mkanda huu umeukanyaga kila siku kwa miezi miwili." Akaugeuza upande wa pili. "Nani ameshona?"

"Mama," mwanangu akajibu, tena kwa fahari. "Mama ni fundi wa mabegi. Mabegi ya watoto wote mtaani kwetu ni yake."

Yule mwanamke akanitazama. Hakunitazama kwa ubaya, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Akapitisha ukucha juu ya mishono yangu mitatu.

"Mshono mzuri," akasema.

Ningemshukuru kama angenitukana.

Alisema mkono unaweza kurudi, wengi hurudi, lakini usiharakishwe: miezi mitatu, pengine sita, na mara nyingine haurudi wote. Asibebe kitu. Afanye mazoezi. Chuo kilikuwa kinafunga kupokea picha baada ya wiki tano, na zilikuwa zimebaki tatu. Tukaanza kurudi nyumbani. Stendi niliibeba mimi. Nilipofika kwenye kona ya mashine ya kusaga ilibidi nikae chini.

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Nilikuwa nimekaa chini, yeye amesimama ananipepea na cheti cha hospitali, barabara haina mtu. Sikusema. Nilikaa siku kumi na moja bila kusema.

Siku hizo kumi na moja alifanya zoezi lake mbele yangu. Anasimama karibu na ukuta, anatembeza vidole kwenda juu kama buibui, anapofikia anaweka alama ya penseli. Leo hapa, kesho unywele mmoja juu zaidi, keshokutwa chini. Mimi nilimwogesha kichwa, nikamfungia vifungo, nikamkatia nyama sahanini, na kila aliposema "asante mama" nilitamani ardhi inimeze, nayo ardhi ikanikataa.

Mama Redio akaja kutoa pole. Akaketi, akanywa chai, akasikitika kwa sauti. Nami, sijui kwa nini, nikamuuliza yule msichana wa kilimani, wazazi wake walipata habari yoyote?

"Yupi? Aa, yule! Kumbe alikwenda kwa shangazi yake kusomea uuguzi. Amerudi juzi likizo, kanenepa. Si nilikwambia?"

"Hukuniambia."

"Basi nilimwambia mtu mwingine." Akapuliza chai. "Mambo ni mengi."

"Na kiatu?"

"Kiatu gani?"

Sikumlaumu. Yeye alileta maneno tu. Aliyeyashonea mkanda ni mimi.

Siku ya kumi na mbili binti yangu alikwenda kwa Fundi Rula kuuliza kama anaweza kubadilishiwa ile stendi, ili mkono ukipona aanze na nyepesi. Mimi nilikuwa nafunga zipu kwenye begi. Aliingia, hakuketi. Alichukua begi moja lililomalizika, dogo, la mtoto, akautia mkono wake mzima ndani ya mkanda, akabonyeza sponji.

"Fundi anasema alikwambia uchukue nyepesi."

Nikaiachia zipu katikati.

"Anasema alikuonyesha na tofali. Anasema ulimwambia nitachorea uani."

"Mwanangu..."

"Subiri, mama. Mkanda." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Huu ni wa mtoto wa miaka saba. Miwili, mipana, na sponji. Wangu ulisahau?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema nilisahau, angeniamini, alitaka kuniamini, nilimwona usoni. Lakini uongo wa tatu ulinishinda.

"Sikusahau," nikasema. "Nilitaka uchoke. Niliogopa kilimani. Walisema kuna msichana..."

"Kwa nini hukuniambia unaogopa?"

"Ungecheka."

"Ningecheka," akasema. "Halafu ningemwomba mwenzangu wa dukani tupande wote. Yeye kila siku anataka kuja." Akalirudisha begi mahali pake, akalinyoosha mkanda usikunjamane. "Ungeniambia tu, mama."

Hakulia, hakupiga kelele. Angefanya hivyo ningejua pa kumshika. Aliingia chumbani kwake, akaanza zoezi. Nilisikia kucha zikikwaruza ukuta.

Alipeleka picha tano na barua ya hospitali. Chuo kikamjibu kwa adabu kwamba hesabu ni nane, ajaribu mwaka ujao. Sasa imepita miezi mitano. Mkono unafika juu ya sikio. Brashi anaishika nusu saa, kisha kidole cha mwisho kinaanza kutetemeka, anapumzika. Mtaalamu anasema ni maendeleo mazuri, kidole chenyewe hawezi kukiahidi.

Anachora tena. Stendi nyepesi alikwenda kuichagua mwenyewe, akaijaribu kwenye ule ubao wa mteremko, akaizungusha nati moja moja. Nilimwambia nitamshonea mikanda. Akasema, "Usijisumbue, mama," kwa upole, na akainunua dukani. Mibaya, uzi unatoka. Naiona ikipita getini, mimi fundi wa mabegi, nanyamaza.

Na hilo silo linaloniamsha alfajiri. Zamani aliniambia anakokwenda na saa ya kurudi, na akarudi saa hiyo. Siku hizi anasema, "Natoka."

"Unakwenda wapi?"

"Kuchora."

"Utarudi saa ngapi?"

"Nikimaliza."

Haniambii kwa hasira. Ameacha tu kuniambia, kama mtu anavyoacha kutumia duka lililompunja. Nilitaka nijue alipo kila dakika, na sasa geti likifungwa sijui hata amekunja kushoto au kulia. Simwulizi tena mara mbili. Haki hiyo niliiuza mwenyewe.

Naandika haya kwa ajili ya mzazi yeyote mwenye mtoto anayechora nje na moyo usiotulia kama wangu. Epuka haya:

Usinunue stendi ambayo wewe mwenyewe hujaibeba kwa umbali atakaobeba mtoto.

Usiamini uzito. Kama haina ndoano ya kutundika jiwe, iache.

Usichukue ambayo miguu yake hairefuki mmoja mmoja. Nje hakuna sakafu.

Usitie mkanda mmoja. Usitie ulio chini ya vidole vinne. Usikose sponji.

Usiseme "fundi amesema" kama fundi hakusema.

Usimtwishe mtoto hofu yako kama mzigo. Mwambie unaogopa nini, hata akicheka.

Ukiona alama nyekundu begani, usipake mafuta tu. Ondoa kinachoiweka.

Ganzi ya siku mbili usiiite usingizi. Nenda hospitali.

Ukikosa, usingoje siku kumi na moja. Usingoje mtu mwingine akusemee.

Wala usimbebeshe mchoraji kitu chochote kizito upande wa mkono anaochorea.